Jicho Lililosubiri Mashindano

Begi la Griffin Osundwa lilikuwa zito kuliko mabegi yote ya uwanja ule wa gofu, na bega la kushoto la Zilpah lililijua hilo kabla ya akili yake. Osundwa alikuwa mkandarasi wa barabara. Hakuwa mchezaji hodari, lakini kila fimbo iliyouzwa Nairobi alikuwa nayo, na juu ya fimbo hizo aliongeza mwavuli mkubwa, jaketi la mvua, viatu vya akiba na pakiti za biskuti ambazo hakuwahi kumwonjesha mtu.

Asubuhi hiyo Zilpah alilibeba bure. Wote walibeba bure. Ilikuwa siku ya mashindano ya hisani, na makedi, yaani wale wanaobeba mabegi na kutafuta mipira iliyopotea nyasini, walikuwa wameombwa watoe ujira wao wa siku ili kuchangia matibabu ya mwenzao aliyepigwa jicho na mpira. Mwenzao huyo alikuwa Phineas, mume wa Zilpah. Aliyempiga alikuwa Osundwa. Na Osundwa ndiye aliyekuwa mlezi wa mashindano, picha yake ikining'inia langoni kwenye bango lililomzidi mtu urefu, akitabasamu kama bwana harusi. Picha ya Phineas ilikuwa chini yake, ndogo, akiwa na bandeji.

Wanachama wa kilabu walimwona Zilpah kuwa mama mpole kwa sababu alisema machache. Hawakumjua. Alizaliwa upande wa Malava, katika nyumba ya mkata miwa, mahali ambapo hasira ya mtu maskini hukunjwa na kuwekwa kama shuka ya wageni, kwa sababu hakuna siku inayofaa kuitoa. Hasira yake yeye haikukunjika. Alipokuwa msichana mdogo mama yake alimwambia, "Wewe ungezaliwa radi, angalau watu wangejua pa kujificha." Katika Kakamega, ambako radi hupiga karibu kila alasiri na watu huendelea kumenya viazi, hayo si matusi. Ni maelezo tu.

Aliolewa na mtu asiyefanana naye hata kidogo. Phineas alikuwa mrefu, mtulivu, mwenye macho ya kuona mbali, na tangu ujana wake alikuwa akibeba mabegi ya gofu. Waliishi upande wa Mukumu, kwenye kipande cha shamba chenye mahindi na migomba, wakapata msichana wakamwita Nafula. Zilpah alianza kwa kuuza uji na nduma kwenye kibanda cha makedi nyuma ya jiko la kilabu. Siku moja mabegi yalikuwa mengi kuliko mabega. Akafuta mikono kwenye leso, akasema atabeba.

Sammy, mkuu wa makedi, alimtazama kutoka juu hadi chini. "Mama Nafula, begi si mtoto. Halibebwi kwa leso."

"Mtoto nilimbeba miezi tisa na hakuniuliza tumefika shimo la ngapi," akamjibu. "Lete hapa."

Wakacheka, naye akabeba. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena. Akajua miteremko ya uwanja, akajua ni nani anayesogeza mpira kwa ncha ya kiatu akidhani hakuna anayemwona, akajua ni nani anayesema asante. Wa asante walikuwa wachache, na aliwakumbuka kwa majina.

Sasa, shimo la sita. Uwanja wenyewe ni mzuri. Hilo lazima lisemwe. Nyasi zake ni za kijani kiasi cha kuumiza, na mvua ikitoka upande wa msitu ardhi hunuka kama chungu kipya. Lakini kwenye shimo la sita njia inapinda nyuma ya mikalitusi na kushuka, hivi kwamba anayepiga haoni mpira wake utaanguka wapi, wala haoni kama kuna watu mbele. Kwa hiyo kedi mmoja hutumwa atangulie, asimame kwenye kichuguu pale kwenye kona, akiwa na taulo jeupe. Taulo likiwa chini, mpigaji angoje. Wa mbele wakishaondoka, kedi huliinua juu ya kichwa, kisha hujibanza nyuma ya mti, ndipo mtu apige. Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote, na Phineas ndiye aliyewekwa pale mara nyingi kuliko wengine kwa sababu ya macho yake.

Siku aliyoumia, Zilpah hakuwa uwanjani. Alikuwa shambani akipalilia mahindi. Sammy alikuja mwenyewe kwa bodaboda, akateremka kabla pikipiki haijasimama, na kwa jinsi alivyovua kofia Zilpah alitupa jembe. Mpira wa gofu ni mdogo, lakini unatoka kwenye fimbo kama jiwe la kombeo. Ulikuwa umempata Phineas kwenye jicho la kulia. Alianguka kichuguuni na kuzimia, na alipozinduka hospitalini hakukumbuka chochote cha asubuhi ile tangu chai.

Osundwa alisema taulo lilikuwa juu. Waliocheza naye walisema hawakuwa wakitazama. Mmoja alikuwa kwenye simu, mwingine alikuwa akifunga kamba ya kiatu. Basi likawa hilo. Taulo lilikuwa juu, na kedi hakujificha. Jambo likisemwa na mtu mwenye gari kubwa, halihitaji shahidi. Huzunguka lenyewe, huketi kwenye viti vya watu, hunywa chai yao, na jioni linakuwa ndilo lililotokea.

Daktari aliyemshona alimwambia Zilpah maneno ambayo hakuyasahau. Jicho lile halitaona tena. Lakini lisipotolewa na kutibiwa mapema na mabingwa, linaweza kulivuta na la pili. Yeye alilielewa vizuri neno hilo, kulivuta. Alikuwa ameona mwembe mmoja ukioza na kuambukiza wa pili. Akauliza mapema ni lini. Daktari akasema, "Mama, leo ingekuwa bora kuliko kesho."

Ng'ombe wao mmoja aliuzwa, akaishia kwenye dawa za mwanzo. Kilabu kikakaa kikao, na kikaamua kwa moyo safi, kama walivyosema, kufanya mashindano makubwa ya hisani. Atakuja mchezaji wa kulipwa kutoka Eldoret, Kipsang, ambaye jina lake linajulikana, na watu watalipa ili wacheze pamoja naye. Lililobaki lilikuwa kutafuta tarehe.

Jumamosi ya kwanza mlezi alikuwa safarini. Ya pili mgeni wa heshima alikuwa na mazishi kwao. Kisha Kipsang alikuwa na mashindano mengine. Kisha bango lilichapishwa na jina la mlezi likiwa limekosewa, likarudishwa. Na jicho likasubiri. Lilisubiri likiwa chini ya bandeji, katika nyumba ya mabati, likitoa maji, wakati watu walioshiba wakitafuta siku ambayo huruma yao ingepata watazamaji wa kutosha. Hakuna aliyekuwa mkatili. Hilo ndilo lililomkasirisha Zilpah zaidi ya yote. Mtu mkatili Zilpah angeweza kumshika shati. Hawa walimpigia simu wakamuuliza mgonjwa anaendeleaje, wakamwambia mipango inakwenda vizuri.

Phineas mwenyewe alibadilika. Aliketi nyuma ya nyumba akifunika jicho zima kwa kiganja, kisha akiliachia, kisha akilifunika tena, kama mtu anayejaribu taa.

"Mama Nafula," alisema siku moja, "huenda niliinua."

"Hukuinua."

"Ulikuwapo?"

"Sikuwapo."

"Basi."

"Nakujua wewe. Hata mlango unauangalia mara mbili ndio ufunge."

"Mtu anaweza kukosea siku moja," alisema. "Watu wote wale hawawezi kusema uongo."

Hapo Zilpah aliona kitu kibaya kuliko jicho lililopotea. Walikuwa wamempiga, na sasa walikuwa wamemfanya aone haya kwa kupigwa. Alikuwa haendi tena kanisani akae mbele. Alikuwa haendi kibandani kuwasalimu wenzake. Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kuangalia, alikuwa ameaminishwa kwamba hakuangalia.

Wiki ya mashindano, katibu wa kilabu alikuja kuwatembelea. Bi Roda alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa makamo mwenye sauti ya darasani, na ndiye aliyekimbia huku na huku kuandaa shughuli nzima. Alileta mkate na sukari, akakaribishwa kiti chenye mto.

"Baba Nafula," alisema, "siku hiyo utasema maneno machache tu. Utawashukuru wafadhili. Useme ilikuwa bahati mbaya, uliinua taulo mapema kidogo, na binadamu hukosea. Tusiwe na lawama. Wafadhili hawapendi lawama."

"Wafadhili wanapenda nini?" Zilpah aliuliza akiwa mlangoni.

"Wanapenda kusaidia, Mama Nafula."

"Basi wasaidie."

"Nitasema, mwalimu," Phineas alisema haraka.

Bi Roda alipumua. Akageuka kwa Zilpah. Kulikuwa na jambo jingine. Lingependeza sana kama yeye mwenyewe angembebea Bwana Osundwa begi siku hiyo. Wapiga picha wangekuwapo. Ingeonyesha hakuna kinyongo.

"Kinyongo kipo," Zilpah alisema.

"Atabeba," Phineas alisema.

Na alibeba, kwa sababu jicho la kushoto la mumewe lilikuwa limeanza kuwa jekundu pembeni, naye alikuwa ameliona asubuhi na hakumwambia.

Kipsang alikuwa mwanamume mwembamba mwenye mwendo wa mtu aliyezoea kutembea mbali. Alikataa kedi. Alibeba begi lake mwenyewe, akasema na yeye pia ametoa ujira wake. Baada ya shimo la pili alimsogelea Zilpah.

"Mama, hilo begi lina mtu ndani?"

"Lina lami ya barabara ya kwetu," Zilpah alisema. "Ndio maana kule hakuna."

Kipsang alicheka hadi akakosa mpigo uliofuata. Akamwambia kwamba hata yeye alianza kama kedi, Eldoret, akibeba mabegi ya madaktari na wafanyabiashara, na kwamba bega lake moja bado liko chini kuliko jingine. Akamwonyesha. Zilpah alimpenda kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kitu ndani yake kulegea.

Walikuwa watatu wanaocheza pamoja: Osundwa, Kipsang, na meneja mmoja wa benki aliyekuwa akijifunza. Kwenye shimo la sita, Sammy ndiye aliyekuwa kichuguuni. Tangu Phineas aumie hakuna mwingine aliyekubali kusimama pale, na mkuu hawezi kumtuma mtu mahali ambapo yeye mwenyewe anapaogopa. Alionekana kwa mbali, mdogo, taulo jeupe likining'inia kando ya paja lake.

Osundwa aliweka mpira, akakita miguu.

"Taulo iko chini," Kipsang alisema.

Osundwa alipiga. Mpira ulitoka na mlio wake, ukapinda kushoto. Kule mbele Sammy alijitupa kifudifudi kama mtu aliyefyekwa miguu. Mpira ukapita juu yake, ukagonga mkalitusi, ukaangukia nyasi ndefu.

Osundwa aliangua kicheko. "Mwone huyo. Hawa wanajua kuinama, usijali. Mimi singojangi taulo, Kipsang. Nikingoja mkono unapoa."

Meneja wa benki alicheka pia, kwa sababu mlezi alicheka.

"Hata siku ile hukungoja?" Kipsang aliuliza.

"Siku gani?"

"Ya huyu tunayemchangia."

"Ah." Osundwa alikuwa akitazama uso wa fimbo yake kama kuna doa. "Yule alikuwa ameangalia kando. Ukiwa kule kazi yako ni kuangalia mpira. Taulo ikae juu, ikae chini, mpira hauna macho."

Akanyoosha fimbo pembeni bila kugeuka, ipanguswe. Aliyeipokea alikuwa Zilpah.

Osundwa hakuwa amesahau kwamba yule ni mke wa Phineas. Asubuhi walikuwa wamepigwa picha pamoja, mkono wake ukiwa begani kwake. Alijua vizuri sana, na hakuona sababu ya kushusha sauti. Zilpah alipangusa ile fimbo. Aliipangusa polepole, shina na kichwa, na kwa muda ambao alikuja kuuona mrefu sana alifikiria uzito wake, na jinsi shingo ya mtu inavyokuwa nyekundu pale kofia inapoishia. Kisha akaitia begini. Akajitwika begi, akatembea, maana kulikuwa na jicho moja lililobaki.

Kipsang alikuwa kando yake.

"Umesikia," Zilpah alisema.

"Nimesikia."

"Utasema?"

Kipsang alitazama upande wa msitu, ambako wingu lilikuwa limeanza kujikusanya. "Tumalize kwanza, mama," alisema. Na bega lake la chini likawa bega tu.

Alasiri wageni walikusanyika kwenye hema jeupe. Kulikuwa na obusuma, yaani ugali, na kuku kwa waliolipa, na soda na mkate kwa makedi, waliosimama nyuma wakiwa wamevaa fulana zenye jina la kampuni ya Osundwa. Phineas alikuwa ameketishwa mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki kilichovishwa kitambaa, katika shati jeupe na miwani myeusi aliyopewa na kilabu. Mikono yake ilikuwa magotini. Midomo yake ilikuwa ikisogea, alikuwa akikariri.

Zilpah alitoka nyuma, akapita katikati ya meza. Bi Roda alimpungia mkono. "Mama Nafula, keti kwanza, tuko kwenye ratiba."

Hakuketi. Alichuchumaa mbele ya mumewe.

"Baba Nafula. Hukuinua."

"Tulishaongea haya."

"Leo amesema kwa mdomo wake. Pale pale kwa sita. Amesema yeye hangojangi taulo. Sammy amelala chini ndio amepona. Kipsang aliuliza, na siku ile je? Akasema ulikuwa umeangalia kando."

Phineas alivua miwani. Jicho lake lililobaki lilikuwa jekundu, nalo lilimtazama kwa bidii, kama linasoma.

"Kando wapi?"

"Hakusema."

"Kando," alirudia. Vijiko viligonga sahani. "Mbele kulikuwa na watu," alisema polepole. "Kulikuwa na wale akina mama wageni kutoka Kisumu. Mmoja alikuwa amepoteza mpira, anatafuta kwa mguu, hivi. Nilikuwa nawaangalia wao. Singeinua na wao wako pale, Mama Nafula. Ningeinuaje?"

"Sijui. Mimi sikuwapo."

Alikaribia kutabasamu. Kisha uso wake ukabadilika, na Zilpah akaona alipofika, kwa sababu yeye alikuwa ametangulia kufika.

"Ukisema, wanaweza kutunyima," alimwambia. "Hiyo usijidanganye. Jicho ni lako. Mimi nimekuambia ili ujue, si ili useme. Ukinyamaza nitakupikia vilevile."

Jina lake likaitwa. Bi Roda alimshika mkono hadi kwenye kipaza sauti, akamwelekeza mahali pa kusimama. Watu walipiga makofi ya huruma, yale ya vidole.

"Mulembe," Phineas alisema.

"Mulembe," wakaitikia.

"Nawashukuru mliokuja. Namshukuru mwalimu Roda. Nawashukuru wenzangu ambao wamebeba bure, na wengine nyumbani kwao hakuna unga." Akageukia meza ya mbele. "Niliambiwa niseme kwamba niliinua taulo mapema. Nilikuwa nimeanza hata kuamini. Sikuinua. Mbele kulikuwa na watu. Bwana Osundwa alipiga taulo ikiwa chini, na leo amepiga tena hivyo, na Sammy yuko pale nyuma, ana nyasi kwa kifua. Sisemi afungwe. Jicho litatibiwa au halitatibiwa. Lakini mtu akimtoa mwenzake damu, anakuja kwake nyumbani anasema, nimekosa. Haweki picha yake langoni."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenye muziki aligusa kitu, spika zikalia kama paka, akazima. Osundwa alisimama taratibu, akifunga kifungo cha koti, akamnyang'anya Phineas kipaza sauti kwa upole, jinsi unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Ndugu zangu," alisema, "dawa za hospitali ni kali. Tumwelewe. Amepitia mengi."

Hema zima likashusha pumzi. Watu walitaka sana kumwelewa. Kicheko kidogo kikapita mezani.

"Kipsang," Zilpah aliita.

Hakupaza sauti sana. Lakini hakuna kedi aliyewahi kuita jina la mchezaji ndani ya hema lile, na vichwa vyote viligeuka, kwanza kwake, kisha kwa mwanamume mwembamba aliyekuwa kwenye meza ya mbele na kikombe cha ushindi mkononi. Kipsang alitazama kikombe. Akatazama viatu vyake. Aliendelea kuvitazama.

"Taulo ilikuwa chini," sauti ilisema kutoka nyuma. Ilikuwa ya Sammy. "Leo. Mimi ndio niliishika."

Alisema hivyo tu, akaweka soda yake chini. Msema chochote akawakumbusha wageni kwamba bado kuna zawadi za wanawake, na muziki ukapatikana.

Kipsang alimfuata Zilpah kwenye maegesho, wingu likiwa limeshafika juu yao.

"Mama, unisamehe. Mimi naishi kwa mialiko. Nikimwaibisha mlezi hapa, hakuna kilabu kitaniita."

"Wewe pia ulianza kwa kubeba begi," Zilpah alisema.

"Nilibeba."

"Basi ungeacha kuniambia."

Akamwacha hapo. Kati ya watu wote wa siku ile, huyu ndiye ambaye Zilpah alimchukia kwa muda mrefu zaidi baada ya Osundwa, na huenda haikuwa haki. Lakini hakuwa akigawa haki, hakuna aliyemgawia.

Kamati ilikutana Jumapili. Yaliyosemwa huko yalifika Mukumu kabla ya jioni: kwamba Phineas hana shukrani, kwamba mchango huo ungefaa wahitaji wengine wenye adabu. Jumatatu asubuhi gari dogo kuukuu lilisimama kwenye migomba. Bi Roda alikuwa peke yake ndani, amevaa kitambaa kichwani, macho yamevimba.

"Ingieni," alisema. "Watu walichangia jicho. Hawakuchangia hotuba. Mimi ndio mwenye sahihi benki, na bado hawajakumbuka kuniondoa."

Walikuwa wameshapita Chavakali, njia ya hospitali ya mabingwa.

"Niliambiwa hivyo," Bi Roda alisema akitazama barabara. "Kwamba aliinua."

"Na hukuuliza," Zilpah alisema kutoka kiti cha nyuma.

"Sikuuliza."

Alikuwa wa kwanza kusema kitu kama hicho, na Zilpah, ambaye alikuwa amejiandaa kwa safari nzima ya hasira, alikosa mahali pa kuiweka.

Mabingwa walilitoa jicho la kulia. La kushoto walilipigania kwa sindano na matone, likabaki, lakini si lote. Phineas huona kama mtu anayetazama kupitia mvuke wa sufuria. Anatambua nyuso akizisogelea. Mpira wa gofu hataufuata tena. Bingwa aliyemwondoa bandeji, mama wa Kihindi mwenye haraka, aliuliza kwa nini walichelewa kumleta. Wangemleta mapema, jicho hili lingekuwa zima.

"Tulikuwa tunangoja mashindano," Zilpah alimwambia. Daktari alidhani hakusikia vizuri.

Zilpah hakurudi uwanjani. Aliambiwa langoni kwamba jina lake halipo. Sammy aliondolewa ukuu, akarudi kubeba. Kibandani wanasema siku hizi kwenye shimo la sita makedi hawakubali kutangulia hadi mpigaji aweke fimbo yake chini, kwenye nyasi, na aliyeko kichuguuni aione imelala. Wachezaji wengine hulalamika. Wengine wameona ni sawa. Osundwa, akifika hapo, huambiwa vivyo hivyo, na mara mbili ameruka shimo hilo kabisa.

Alikuja wakati wa mvua ndefu. Zilpah na Phineas walikuwa shambani, yeye akilima, mumewe akifuata mstari kwa mikono na kudondosha mbegu, wakati dereva wa Osundwa alipoingia uani akiruka madimbwi, kwapani ana jogoo mwekundu aliyefungwa miguu.

"Mulembe, mama. Bosi ametuma pole. Amesema ni ya Baba Nafula, na kuna mfuko wa unga kwa gari."

"Bosi yuko wapi?"

Dereva alisita. "Yuko hapo barabarani. Kwa gari. Kuna matope, na amevaa viatu vya ofisi."

Zilpah alitazama njia. Ilikuwa fupi, kutoka pale migombani ungeweza kumsikia mtu akikohoa barabarani. Akaweka jembe chini. Akamchukua jogoo kutoka kwa dereva, kwa heshima, kwa mikono miwili, akatembea na miguu yake mitupu hadi kwenye gari. Kioo kilikuwa kimefungwa. Akasimama hapo mpaka kikashuka, nusu.

"Ah, mama," Osundwa alisema. "Hiyo ni yenu."

"Teremka."

"Nina mkutano mjini. Nimeona tu nipitie, tusiwe watu wa kubeba vitu moyoni."

"Nyumba ni ile. Kiti kiko. Teremka umwambie."

"Mama, nimeshatuma pole. Unataka nini zaidi?"

Alikuwa hajui kweli. Ilikuwa usoni mwake, uso mpana, uliochoka kidogo, wa mtu ambaye maisha yake yote ametuma. Zilpah alimtazama, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba pengine hawezi, kama vile wengine hawawezi kuogelea. Hilo halikumpunguzia hasira. Liliiongeza.

Akamwinua jogoo na kumpitisha kwenye kioo, akamwachilia mapajani mwake. Kamba ililegea. Jogoo alipata bawa moja, kisha la pili, na ndani ya gari kukawa na vumbi, na tai ya shingoni, na mayowe ya aina mbili.

Aliporudi shambani, dereva alimpita akikimbia. Phineas alikuwa amesimama palepale, mbegu kwenye kiganja, uso ameuelekeza barabarani ambako alikuwa akiona weupe tu.

"Alikuwa yeye?"

"Alikuwa yeye."

"Anakuja?"

"Anasema ana mkutano."

Phineas alifikiri. "Na kuku?"

"Wamekwenda wote."

Mumewe alianza kucheka, kidogo, kisha akashindwa kujizuia, mbegu zikamwagika matopeni, akainama akizitafuta kwa vidole huku akicheka, akizipapasa moja moja. Zilpah hakucheka. Alipiga magoti kando yake wakaokota pamoja, lakini macho yake yaliendelea kurudi barabarani, kiasi kwamba ni Phineas, asiyeona vizuri, aliyepata nyingi.